Eksesi ya bima kwa dereva kijana: kisa cha Demio iliyogonga Probox Bombolulu, shilingi kwa shilingi

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa miaka 22, leseni yake haijamaliza mwaka, anaendesha gari la mamake kila siku kwenda atachimenti (mafunzo ya kazi) Mtwapa. Gari ni Mazda Demio, limekatiwa bima ya komprehensivu, ile inayolipa hasara ya gari lako mwenyewe pia, kwa thamani ya shilingi 900,000. Jioni anarudi mjini, yuko Malindi Road maeneo ya Bombolulu, foleni inasukumana kama kawaida ya saa hizo, matatu ya mbele ikasimama ghafla kubeba abiria, Probox iliyokuwa nyuma ya matatu nayo ikasimama, yeye hakuwahi breki. Akaitia kwa nyuma. Hakuna mtu aliyeumia, shukrani kwa Mola, lakini Demio lilikunjika boneti, bampa ya mbele ikapasuka, grili na taa ya kushoto zikaenda, na kondensa ya AC ikatoboka. Probox nayo mlango wa nyuma uligoma kufunga na bampa ikaning'inia upande.

Mimi nafanya kazi ya bima hapa Mombasa, si mimi niliyewauzia hii, mamake aliletwa kwangu na jirani baada ya barua ya kampuni kumfikia. Nimeomba ruhusa yao kukielezea kisa bila majina manake kila mwezi napata mzazi mwengine na barua kama hii hii mkononi, analia kwamba ameibiwa, na ukikaa naye ukasoma zile karatasi unakuta hajaibiwa, hakuambiwa tu. Na kutoambiwa kunauma vilevile.

Barua ilisema hivi kwa ufupi: kleimu (madai yako ya bima) imekubaliwa, kabla gari kutolewa gereji tunaomba ulipe eksesi ya shilingi 50,000. Hamsini! Mama wa watu alikuwa amelipa 45,242 na senti zake kwa bima ya mwaka mzima (asilimia 5 ya 900,000 ni 45,000, halafu juu ya hizo 45,000 ile tozo ya mafunzo asilimia 0.2 ni 90, mfuko wa fidia ya wenye bima asilimia 0.25 ni 112 na nusu, stempu 40). Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, yaani faini ya kugonga imepita bima yenyewe?"

Sasa hapo ndo pa kuanzia. Eksesi si faini na wala haina uhusiano na pesa ulizolipia bima. Ni ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo wewe na kampuni mlikubaliana tangu siku ya kwanza kuwa itabaki kwako, hasara ikitokea unabeba wewe kwanza mpaka kiwango fulani halafu kampuni inabeba inayozidi. Kampuni inafanya hivyo kwa sababu mbili ambazo kusema kweli zina mantiki. Ya kwanza, kila kleimu hata ya mkwaruzo ina gharama zake, asesa (mkadiriaji wa hasara) atumwe, ripoti iandikwe, karani afungue faili, ukileta kleimu ya elfu nane inawagharimu karibu hiyo hiyo kuishughulikia tu. Ya pili, mtu anayejua kuna pesa yake ndani anaendesha kwa makini zaidi. Unaweza kukubaliana nao au la, lakini iko kwenye mkataba, ukurasa ambao ajenti wengi wanaupita haraka kama wanapita msiba wa watu wasiowajua.

Nilimwomba aniletee skedyuli, ile karatasi yenye maelezo ya gari na thamani na vipengele. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na mistari hii. Hasara ya gari lako mwenyewe: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue 15,000. Mali ya thadi pati, yaani mtu mwengine uliyemgonga: 7,500. Wizi: asilimia 10 ya thamani likiwa na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), asilimia 20 likiwa halina. Dereva chini ya miaka 25 au mwenye leseni isiyofikisha mwaka mmoja: ongeza 10,000 juu ya eksesi ya hasara ya gari. Hizi ni za mkataba huu, kampuni nyengine zina viwango vyengine, wengine wanaanzia 20,000, wengine umri wao ni 21 badala ya 25, kwa hivyo usichukue namba zangu ukaenda kubishana nazo kwa ofisi ya watu wengine, soma yako.

Mstari wa kwanza ndo unaowachanganya watu wengi zaidi, na naomba nikae nao kidogo. Asilimia 2.5 ya nini? Watu wanasoma wanadhani ni ya gharama ya kutengeneza, kwa hivyo ukitengeneza kwa elfu 68 utalipa 1,700 tu. Hapana. Ni asilimia ya thamani ya gari lote. Demio la 900,000 mara 2.5 kwa mia ni 22,500, na hiyo haibadiliki, ukipasua taa moja ni 22,500, ukilipindua gari mara tatu ni 22,500. Maana yake ni kwamba ajali ndogo zote zimebaki kwako, na jinsi gari lilivyo la bei ndivyo hizo "ndogo" zinavyokuwa kubwa. Chukua kijana mwenzake ambaye babake kamnunulia gari la milioni 2, mkataba huo huo, eksesi yake ni 50,000 na ile nyongeza ya ujana 10,000, jumla 60,000. Bampa na taa za elfu 55 zinatoka mfukoni mwake zote, bima haimwoni kabisa, na hapo ana komprehensivu ya bei mbaya.

Kwa hivyo kwa kijana wetu, hasara ya Demio. Asesa aliandika 68,000 baada ya kubishana na gereji kuhusu taa (gereji walitaka mpya, asesa akakubali eks-Japani, yaani iliyotumika kutoka Japani, na boneti ikapitishwa inyooshwe badala ya kununuliwa, haya mambo ni ya kawaida na si ya kugombania sana kama kazi ni safi). Eksesi 22,500, nyongeza ya dereva kijana 10,000, jumla 32,500. Kampuni inabeba 35,500.

Probox ilikadiriwa 38,000. Hapo eksesi ni 7,500, kampuni inabeba 30,500.

Ukijumlisha, 32,500 na 7,500 ni 40,000. Sasa barua ilisema 50,000, ile elfu kumi imetoka wapi? Nilipiga simu nikauliza, karani akanisomea hesabu yake: kijana ana chini ya 25, elfu kumi, na leseni haijafika mwaka, elfu kumi nyengine. Ameitoza mara mbili. Mkataba unasema chini ya 25 au leseni chini ya mwaka, ukiwa na moja unaingia, ukiwa na zote mbili umeingia vilevile na nyongeza ni moja. Nilimsaidia mama kuiandikia kampuni barua pepe ya mistari sita, tukanukuu kile kipengele neno kwa neno, tukaambatanisha skedyuli, tukaomba hesabu irekebishwe kwa maandishi. Hatukupaza sauti na hatukumtisha mtu. Jibu lilikuja limekuwa 40,000. Wangekataa, hatua ya pili ni kuandikia meneja wa kleimu, na ya tatu ni kupeleka malalamiko IRA, wale wasimamizi wa bima, hawatozi kitu kupokea lalamiko. Haikufika huko. Lakini fikiria ni wazazi wangapi wanalipa tu kwa sababu barua ina nembo na muhuri.

Kuna elfu kumi nyengine tena, na hii ndo inayoniuma zaidi kuliko zote manake haikurudi. Pale barabarani baada ya kugongana, dereva wa Probox alikuja juu, watu wakajaa, bodaboda wakaanza kutoa hukumu, na jamaa akasema anataka 50,000 hapo hapo wamalizane polisi wasiitwe. Kijana akatishika. Akamtumia 10,000 kwa M-Pesa "ya kuonyesha nia" na akamwambia makosa ni yangu, nyengine nitakupa. Ukiwa na miaka 22 na umezungukwa na watu wazima wanaopiga kelele nani asingefanya hivyo, simlaumu hata kidogo. Lakini yule alikuwa dereva tu, Probox ni ya mtu mwengine kabisa, mwenye gari akaja kudai kwa kampuni hasara yake yote 38,000 na ile elfu kumi hakuwahi kuisikia. Kampuni nayo ikasema pesa uliyotoa bila idhini yetu si sehemu ya eksesi, hatuihesabu. Na wako sawa kimkataba, karibu kila mkataba wa bima una kipengele kinachokukataza kukubali makosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukiwa barabarani piga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, namba za gari, leseni ya mwenzako, cheti chake cha bima, namba ya simu, halafu nendeni kituoni mkaandikishe mpate abstrakti, ile karatasi ya polisi ya taarifa ya ajali. Pesa isitoke. Kama mtu anasukuma sana mpigie ajenti wako umpe simu waongee.

Kwa hivyo kwa jumla familia ilitoka na 40,000 ya eksesi na 10,000 iliyopotea. Kampuni ikabeba 66,000.

Tuje kwa swali ambalo mama aliniuliza akiwa ameshika kichwa, je ingekuwa afadhali kutokleimu kabisa? Hili ni swali zuri na watu hawalipigii hesabu, wanakleimu kwa hasira au wanaacha kwa woga. Hesabu iko hivi. Bila bima wangelipa 106,000 yaani 68 na 38. Kwa bima wamelipa 40,000. Wameokoa 66,000. Lakini kuna gharama inayokuja nyuma, mwaka wa pili kampuni ikiangalia rekodi inapandisha. Kwao thamani ya gari ilishuka mpaka 800,000, bila kleimu ingebaki asilimia 5 yaani 40,000, wao waliambiwa asilimia 6 yaani 48,000. Tofauti 8,000. Ondoa kwenye 66,000, bado wameokoa 58,000. Kukleimu kulikuwa sawa kabisa.

Sasa linganisha na jambo lililotokea gari hilo hilo kabla ya hapo. Kijana alikwaruza ubavu mzima kwenye nguzo ya pakingi, fundi akasema 24,000 kupiga rangi na kunyoosha mlango. Mamake alitaka kukleimu, ajenti akamwambia tu "usikleimu utaharibu rekodi" bila kumwonyesha kwa nini, akabaki na kinyongo kwamba bima haina kazi. Jibu lilikuwa rahisi: eksesi kwa kijana huyu ni 32,500, hasara ni 24,000, hakuna cha kukleimu hapo, ingeingia kwa eksesi ikaisha na bado rekodi ichafuke. Angeonyeshwa hizo namba mbili pembeni kwa pembeni angeelewa kwa dakika moja.

Halafu eksesi protekta. Hii ni nyongeza unayolipia mwanzo wa mwaka ili eksesi ya hasara ya gari usamehewe. Kwenye mkataba huu ilikuwa asilimia 0.25 ya thamani isipungue 3,000, na kwa gari la 900,000 hiyo asilimia inatoa 2,250 tu kwa hivyo wangelipa ile ya chini, 3,000. Ajenti aliitaja, mama akauliza ni lazima, akaambiwa si lazima, akaikata. Ndo mazungumzo yote. Hakuna aliyemwambia kwamba atakayeendesha ni kijana na kwamba 3,000 ingefuta 22,500.

Ila na hapa kuna kona, nisije nikawauzia maneno. Protekta ya mkataba huu inafuta ile asilimia 2.5 peke yake. Nyongeza ya dereva kijana haiguswi, ya thadi pati haiguswi, ya wizi haiguswi. Kwa hivyo wangekuwa nayo wangelipa 10,000 na 7,500, yaani 17,500, na ile 3,000 ya mwanzo, jumla 20,500 badala ya 40,000. Wangeokoa 19,500. Si haba. Lakini kijana aliyeambiwa "ukiwa na protekta hulipi eksesi" amedanganywa, na atakuja kujua siku mbaya. Uliza swali moja tu kabla kulipa: protekta hii inafuta eksesi zipi na haifuti zipi, na jibu lije kwa maandishi hata kama ni meseji ya WhatsApp.

Kwenye wizi napita haraka kwa sababu si kisa hiki, ila angalia tu uzito wake. Demio hili likiibwa lina traka, eksesi ni 90,000. Halina, ni 180,000. Wao walikuwa hawana.

Na kama gari lingeharibika lote, lisitengenezeke? Wanalipa bei ya soko ya siku ile au thamani iliyoandikwa, iliyo ndogo, halafu wanakata eksesi. Tuseme bado ni 900,000, wangepata 867,500.

Kuna kitu nilitaka sana vijana wakielewe, ni ile hali ambapo makosa si yako. Tuseme Probox ndo ingemgonga yeye kwa nyuma. Akipeleka kleimu kwa kampuni yake mwenyewe ili gari litengenezwe haraka, bado eksesi atalipa kwanza, 32,500 hiyo hiyo, manake eksesi haiulizi nani mkosa. Wengi wanakasirika hapo na kuona ni dhulma. Lakini pesa hiyo inadaika. Kampuni yako itamfuata mkosa kudai kile ilicholipa yenyewe, na wewe una haki ya kudai eksesi yako kutoka kwake au kampuni yake. Uwe na risiti ya eksesi, abstrakti inayoonyesha nani alilaumiwa, na ripoti ya asesa. Unaandika barua ya madai, wakinyamaza kuna Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1 na unaweza kujisimamia bila wakili. Elfu 32 ni pesa, usiiachie mtu.

Jengine linalochanganya, eksesi haimhusu mtu aliyeumia. Ile bima ya lazima chini ya Cap 405, sheria ya bima ya magari kwa thadi pati, inashughulikia kifo na majeraha ya watu wengine, na majeruhi hakatwi elfu saba mia tano yako kwenye fidia yake. Ya 7,500 kwenye kisa hiki ilikuwa ya mali, ya mabati ya Probox, na bima ya mali ya mtu mwengine inatokana na mkataba wako, si ile sheria.

Nimeliacha mwisho jambo nyeti. Fomu ya kuombea bima iliuliza gari litaendeshwa na nani. Mama aliandika jina lake peke yake. Hakukusudia kudanganya, gari ni lake, akaona ndo jibu. Lakini kijana ndiye aliyekuwa analiendesha kila siku Mtwapa na kurudi. Asesa alipomuuliza kijana "unalitumia mara ngapi" naye akasema ukweli, faili ilikwama kwa muda, kampuni ikataka maelezo ya maandishi. Kilichowaokoa ni kwamba mkataba uliruhusu dereva yeyote aliyepewa ruhusa na mwenye gari mradi ana leseni halali, na leseni yake ilikuwa halali, na maelezo ya mama na ya kijana yalilingana. Wangetofautiana, au kijana angeambiwa aseme aliliazima siku ile tu, nadhani tungekuwa tunazungumza habari nyengine, kleimu iliyokataliwa na 106,000 yote mezani kwao. Wazazi wanaficha jina la kijana ili bima isipande. Mimi nasema liandike. Ile nyongeza ya 10,000 ukilinganisha na kunyimwa kleimu nzima ni kitu kidogo sana, na ukishaliandika hata ajenti analazimika kukueleza eksesi ya kijana mapema.

Eksesi walilipa kwa kampuni, wakapewa risiti, risiti ikatoa barua ya kuachilia gari, gereji ikasoma barua ndo ikatoa ufunguo. Kabla kijana hajatia saini kwamba ameridhika na kazi nilimwambia awashe AC akae nayo mpaka ipoe kweli, awashe taa zote mbili ukutani aone kama zinalingana, na afungue na kufunga boneti. Taa ya kushoto ilikuwa inamulika juu. Wakairekebisha pale pale, akatia saini.

Mwaka huu wamekata upya. Jina la kijana limeandikwa kama dereva wa kawaida, traka imefungwa, protekta ya 3,000 imo. Leseni yake sasa imepita mwaka, akafurahi akidhani ile elfu kumi imeondoka, nikamwonyesha kipengele: umri bado ni chini ya 25, kwa hivyo nyongeza iko pale pale. Nikampigia hesabu yake ya gari la 800,000 akaiandika kwenye simu. Akigonga gari la mtu, protekta ikiwepo, anatakiwa awe na 17,500.